Kamera Haina Adabu

Jirani, kamera ina madharau. Watu wanakwambia inarekodi kilichopo tu. Nani kasema? Inachagua nani bosi na nani takataka, na sisi wa meza za nyuma tulishachaguliwa kitambo.

Wiki iliyopita imeletwa flashi ya harusi ya binti wa shemeji. Familia nzima tumejaa sebuleni. Anatokea mwenyekiti wa kamati. Mpiga video kamchukua kutoka chini kabisa, usawa wa viatu. Mtu mwenyewe namjua, tunagombania naye daladala, bomba la kushikia halifikii. Humo kwenye video, weeh! Waziri mtupu. Kidevu juu, kitambi mbele, taa za ukumbi zinawaka nyuma ya kichwa. Hata mimi nimejikuta nakaa vizuri kwenye kochi.

Halafu nikaja mimi. Sijui jamaa alipanda ngazi, sijui alirusha droni. Kanipiga kutoka juu. Unaanza upara. Unafuata upara. Kisha mabega kidogo, kisha sahani. Sura hakuna. Mwanangu wa mwisho anauliza, "Baba yuko wapi?" Mama yake akamwonyesha kwa kijiti cha meno: "Si huyo anayeng'aa."

Kijana wa shemeji anasomea mambo ya filamu. Ndiyo akaanza kunipa somo ambalo sikuliomba. "Anko, hiyo ni lugha. Engo ya chini inamkuza mtu, engo ya juu inamshusha." Mimi miaka yote najua kamera inawekwa karibu na plagi. Basi.

Akanitajia Citizen Kane, filamu ya Marekani ya mwaka 1941. Mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake, Gregg Toland, walitaka kamera ikae chini mno, wakatoboa sakafu ya studio. Wametoboa sakafu, jirani! Na kwa kuwa kamera inaangalia juu, dari nayo inaonekana, ikabidi watengeneze dari za kitambaa na maikrofoni wazifiche humo juu. Gharama yote hiyo ya nini? Nikadhani stelingi hapo kashinda. Wapi! Bwana Kane ndiyo kwanza kaangukia pua kwenye uchaguzi. Kijana anasema hapo ndipo utamu ulipo: unamwona jitu linajaza chumba, halafu limeshindwa, na dari inamkandamiza. Mimi hata sikusikia utamu. Mtu kashindwa uchaguzi anachimbiwa sakafu. Mimi nimelipa mchango wa harusi, kadi ya single, tena taslimu, na hakuna aliyepiga hata goti.

Subiri, hujasikia kubwa.

Kuna mahali wameonyesha sinia la nyama ya mbuzi, linapita taratibu. Ghafla sura yangu, imejaa skrini nzima. Ghafla sinia tena. Sebule ikaangua kicheko, shemeji machozi yanamtoka. Jirani, wakati ule nilikuwa nawaza kodi ya nyumba! Wallahi, mbuzi hata sikumwona. Kijana akasema hiyo ni Kuleshov. Nikajua beki mpya kasajiliwa. Kumbe Mrusi, wa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua sura ya mwigizaji mmoja, ileile, imetulia tu, akaibandika baada ya bakuli la supu, baada ya jeneza, baada ya mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, wakaona msiba, wakaona mapenzi. Yule bwana hakubadilisha hata nyusi. Sasa niambie, nitajitetea vipi? Picha ya karibu haisikilizi ushahidi. Sergio Leone mwaka 1966 alijaza skrini kwa macho ya Clint Eastwood na wenzake kabla bastola hazijatoka, dunia nzima ikashika pumzi. Mimi nimejazwa skrini, dunia nzima ikaona mlafi.

Muziki ulipoanza nikapata nafuu kidogo, maana kucheza najua. Nimecheza vizuri, mashahidi wapo. Nikawekwa mbali, kona ya ukumbi, nukta yenye tai. Halafu picha yenyewe imelala upande. Kijana kadakia: wanafanya hivyo makusudi, nenda kaangalie The Third Man ya 1949, Vienna nzima imepindishwa uone mambo hayako sawa. Nikamwambia dogo, huyu wa kwetu alikuwa ameegemea spika na soda mkononi. Akanijibu, "Lakini anko, maana imefika."

Ndiyo kaniambia hivyo, kwenye kochi langu.

Kwa hiyo nakuomba, jirani. Mwezi ujao unaoza, na ahadi yangu nimeshaandika kwenye kundi. Ongea na mpiga video mapema. Akifika meza yetu ashuke chini, hata kwa kukalia kreti la soda. Akigoma, basi asinipige kabisa, na nyama nipunguzieni.