Mbachao na Msala: Uainishaji wa Mtafuta Kazi Aliye Kazini, Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanamchunguza mfanyakazi anayepokea mshahara kwa mwajiri mmoja huku akimwandikia barua mwajiri mwingine. Wahenga walimjua mapema wakamwachia kanuni: usitupe mbachao kwa msala upitao. Kanuni hiyo inaeleza kwa nini haachi kazi kabla ya kupata nyingine. Haielezi kwa nini anafanya siri. Wengi husema ni kumwogopa bosi. Tutaonyesha kwamba bosi amesingiziwa.

Eneo na mbinu

Utafiti ulihusu Manispaa ya Bukoba, Muleba mjini, na barabara ya zaidi ya kilomita 60 inayounganisha miji hiyo. Waajiri wa eneo hili ni halmashauri, hospitali za makanisa kama Ndolage na Rubya, shule za binafsi, benki, vyama vya ushirika vya kahawa, kiwanda cha TANICA, na miradi inayokuja na kuondoka. Watu wanajuana. Kwa mtafiti hiyo ni neema. Kwa mtafuta kazi ni mtihani.

Sampuli yetu ilikuwa yeyote aliyeketi jirani nasi ndani ya basi, na yeyote aliyefungua faili lake steshenari wakati sisi tukingoja zamu. Hojaji tuliziacha, kwa sababu kila aliyeulizwa kama anatafuta kazi alijibu kwamba hatafuti, kisha akauliza kama tumesikia nafasi mahali.

Dalili za nje

Mavazi si kipimo. Kwingineko mtu akija ofisini na suti siku ya Jumanne hushukiwa mara moja. Bukoba hiyo ni Jumanne ya kawaida. Dalili za kuaminika ni mbili. Ya kwanza ni bidii ya ghafla: mtu anapanga mafaili yake bila kuagizwa, kama anayesafisha nyumba ya kupanga kabla ya kurudisha ufunguo. Ya pili ni simu. Namba ikianza na 026, ambayo ni ya Dodoma, mhusika husimama kabla hajaipokea, na sauti yake hubadilika ikawa ya msomaji wa taarifa ya habari.

Kundi la kwanza: Mfiwa

Huyu husafiri kwa msaada wa marehemu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo katika mzunguko wa miezi 36, akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, au mtoto wake akiugua au kufariki. Shangazi hayumo. Ndiyo maana katika ofisi nyingi mashangazi huishi maisha marefu kuliko mabibi.

Jijini Mfiwa husitawi. Kagera hupata tabu, kwa kuwa msiba ni wa ofisi nzima: daftari la rambirambi linapitishwa meza kwa meza, gari linatafutwa, na kabla ya saa kumi wenzake wameshauliza wakate kona wapi wakitoka kwenye lami. Mfiwa mzoefu kwa hiyo humzika bibi yake mbali, Ngara au ng'ambo ya Mtukula, ambako rambirambi italazimika kugongewa muhuri mpakani. Mfiwa mchanga humzika Kamachumu. Bosi anamshika bega: "Pole sana, waitu. Waambie nyumbani wasihangaike na chakula, kesho tunakuja wote." Bibi mwenyewe wakati huo yuko uani anaanika kahawa.

Jamii ndogo ya kundi hili ni Mwenye Jino, atumiaye karatasi ya ED, ile ya daktari ya kumsamehe kazi. Hana mengi ya kusimulia. Jino hakuna anayekuja kulizika.

Kundi la pili: Mnakili

Nafasi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Matangazo yake hudai wasifu, vyeti vilivyothibitishwa na wakili, na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Hapo ndipo Mnakili anapoanza kuzunguka. Wa Muleba haendi steshenari ya Muleba, kwa sababu anayepiga chapa pale ni shemeji wa mhasibu wake. Anapanda gari kwenda Bukoba. Wa Bukoba, kwa hofu ileile, anapanda gari kwenda Muleba. Magari yao hupishana Muhutwe.

Kutokana na hali hiyo tumeunda Sheria ya Muhutwe: kadiri mji unavyokuwa mdogo, ndivyo mtu atakavyosafiri mbali kutoa kopi ya cheti cha kidato cha nne. Kasoro ya sheria hii ni kwamba hata steshenari ya mji wa pili ina shemeji wa mtu. Zaidi ya hapo, Mnakili huondoka na flashi yake lakini huacha faili kwenye kompyuta ya dukani, likiwa na jina "CV mpya ya mwisho kabisa 3", na mteja anayefuata hulisoma akiwa anatafuta lake.

Kundi la tatu: Mpitisha Barua

Huyu ndiye kiumbe adimu kuliko wote, kwa maana siri yake imeagizwa na serikali ifike kwa bosi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaelekeza kwamba waombaji walioko katika utumishi wa umma wapitishe barua zao kwa waajiri wao, na waajiri wajiridhishe ipasavyo. Mwalimu anayetaka kuondoka huandika barua yenye K.K. moja juu ya nyingine: kupitia kwa mkuu wa shule, kupitia kwa afisa elimu, mpaka kwa mkurugenzi. Kila K.K. ni msomaji. Masjala hufungua jalada na kulipa namba, na kuanzia hapo siri inatunzwa vizuri sana, kwa sababu ina karani wake.

Tumeona barua ikilala kwenye trei huku bosi "akijiridhisha" mpaka tarehe ya mwisho ya maombi ikapita. Bosi wa namna hiyo mara nyingi hana ubaya. Anajiuliza tu nani atafundisha hisabati.

Kundi la nne: Mbadilishanaji

Huyu anakana kwamba anatafuta kazi. Kazi anayo, ya serikali. Anachotaka ni kuifanyia mahali pengine, na kwa hilo anahitaji mwenzake wa kada ileile anayetaka kuja alipo yeye. Hata ombi la uhamisho likiwekwa kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, mtu wa kubadilishana naye mara nyingi humtafuta mwenyewe. Matangazo yake yako wazi katika makundi ya WhatsApp: mwalimu wa msingi, yuko Muleba, anatafuta wa Moshi, Arusha au Dodoma.

Mchambuzi asome kisichoandikwa. Wilaya ya Muleba ina visiwa ndani ya Ziwa Victoria, Bumbire, Ikuza na Goziba vikiwa baadhi yake, na visiwani nako kuna watoto wa kufundishwa na wagonjwa wa kutibiwa. Mtumishi wa kisiwani huandika hivi: "Nipo Muleba, mazingira tulivu, samaki wa kutosha, maji si shida." Neno kisiwa halimo. Hilo mwenzake atajulishwa siku ya kuripoti, akiwa mwaloni na godoro kichwani.

Kundi la tano: Mtu wa Mradi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na tangu miaka ile mkoa umezoea magari ya miradi na ajira zake. Mtu wa Mradi ana mkataba wa mwaka, na kwa miradi ya fedha za Marekani mwaka huisha Septemba 30. Kuanzia Julai macho yake hayatulii.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Hapo tukaona jambo ambalo makundi mengine hayakutuonyesha. Watu waliokuwa wakifunga mlango ili wasome tangazo la kazi walianza kutumiana matangazo mchana kweupe, meneja akimtumia dereva, dereva akimtumia muuguzi. Wasifu zilihaririwa juu ya meza ya mikutano. Msomaji aukumbuke ushahidi huu. Tutauhitaji hivi punde.

Kundi la sita: Bosi

Naye anatafuta. Tunampitia haraka kwa kuwa ndiye anayetusainia likizo.

Mjadala: siri iko wapi?

Tuhesabu wanaojua. Wadhamini watatu, ambao mmoja kwa kawaida ni padri au mchungaji. Wakili. Shemeji wa steshenari. Karani wa masjala. Usaili ukiangukia Dodoma, ongeza binamu atakayemlaza, kwa sababu tangazo husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Ongeza abiria wa basi la alfajiri, ambalo likitoka Bukoba hupita Muleba, kwa hiyo siri ya mji mmoja hufika mji wa pili kabla ya chai. Mwisho, majina ya walioitwa kwenye usaili huwekwa mtandaoni, na orodha hiyo huzunguka kwenye simu za mkoa mzima kuliko mwaliko wa harusi.

Hakuna siri hapo. Wala sheria haimtishi: sababu halali za kumwachisha mtu kazi ni mwenendo wake, uwezo wake, upatanifu wake kazini au mahitaji ya uendeshaji, na anayelipwa kwa mwezi akitaka kuondoka anadaiwa notisi tu, isiyopungua siku 28. Asipoiba muda wala siri za ofisi, kuomba kazi kwingine si kosa.

Kinachofichwa basi ni kukosa. Aliyepata hutangaza mwenyewe: anaagwa kwa soda na hotuba, na katika hotuba anaisimulia safari nzima, pamoja na bibi aliyezikwa Ngara. Aliyekosa hakwenda popote, alikuwa msibani. Ndiyo maana Januari 2025 milango ilifunguka: waliopoteza walikuwa wengi kwa mpigo, na aibu ikigawanywa kwa ofisi nzima haibaki ya mtu. Hali ya kawaida ni kinyume chake, hasa kwa watu ambao mikoa mingine huwatania kwa jina la nshomile. Mtu aliyesifiwa kwa kusoma tangu utotoni atamwambiaje baba yake kwamba ameangushwa na usaili wa mchujo?

Bosi analielewa hilo kuliko tunavyomdhania. Anajua mtumishi wake alikuwa wapi, naye husema "pole na safari" bila kuuliza zaidi. Hiyo ni heshima, na heshima hii ina gharama. Aliyekosa ndiye anayejua swali gani lilimshinda, cheti gani kilikataliwa, na kwamba hati ya matokeo haikubaliwi mahali pa cheti chenyewe. Maarifa hayo huzikwa pamoja na bibi. Mwaka unaofuata mtu mwingine wa ofisi ileile anajilipia nauli kwenda kukosea palepale.

Hitimisho

Tunapendekeza kundi la saba: mtu aliyeomba, akaenda, akakosa, kisha akarudi ofisini akawaeleza wenzake wakati wa chai jinsi alivyokosa. Kundi hili limekamilika kinadharia, ila mpaka tunakwenda mitamboni halijapata hata mtu mmoja. Nafasi iko wazi kwa wakazi wa Bukoba na Muleba wa jinsia zote. Uzoefu wa kukosa ni sifa ya lazima. Waombaji walioko kazini wapitishe barua zao kwa waajiri wao.