Mchezaji Asiyekosa Mtupo

Hatimaye ubishi wa mpira wa kikapu umepata wachezaji wanaoustahili, walioungwa kwa viungo vya mastaa wa NBA. Wa kwanza ana mwili wa Shaquille O'Neal na mkono wa Stephen Curry. Wa pili ana kimo cha Victor Wembanyama na macho ya Nikola Jokić. Wote wawili hawajazaliwa, jambo linalorahisisha sana kuwalinganisha.

Aliyemuunda wa kwanza alifanya kazi ya maana. Shaquille halisi alikosa mitupo huru zaidi ya 5,000 katika NBA; dosari ya kipuri tu, hiyo. Kwamba Curry hupata nafasi ya kutupa kwa kukimbia huku na huko mchezo mzima, na kwamba mwili huo mpya una kilo za kutosha watu wawili, ni suala la fundi.

Watu wa nyama na mifupa ndio wasumbufu. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2009, timu ya Memphis, pamoja na wataalamu na vipimo vyake, ilimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa chaguo la pili; Curry akangoja hadi la saba. Marekani nayo ilipeleka kwenye Olimpiki ya Athens 2004 Tim Duncan, Allen Iverson na kijana LeBron James, kila mmoja kwa miguu yake mwenyewe. Puerto Rico ikawafunga 92 kwa 73.

Wachezaji wa kuunga hawajafungwa na yeyote. Hawaumwi goti wala hawamnunii kocha. Limebaki swali moja zito, linalokesha na watu wazima wenye kazi asubuhi: mkono wa Curry ukihamishwa, kiwiko kinakuja nao au kinabaki?