Choo Hiki ni cha Serikali Gani?

Mtoto wa Likoni, Mombasa, huhama serikali akiwa na miaka sita, wala hapandi feri. Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni ya kaunti. Gredi ya kwanza, hapo ng'ambo ya ua, ni ya serikali kuu, Nairobi. Zamani shule za msingi zilikuwa mikononi mwa Baraza la Manispaa, na mzazi alivuka kwa feri hadi ofisi zake, akagombana na karani, akarudi nyumbani kuwahi chakula cha mchana. Sasa hesabuni wenyewe katika kiwanja kimoja: chekechea ya gavana, mwalimu wa tume ya walimu, TSC, darasa la CDF, mfuko wa maeneo bunge, lenye jina la mbunge kwa herufi kubwa kama kuti (tumshukuru, watoto wana cha kujifunzia kusoma), na tangu 2023 sekondari msingi nayo imebanwa humo humo. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, isipokuwa vile visivyo bure. Choo kikiziba, kila mkubwa huonyesha ofisi ya mwenzake. Ila siku ya kufungua darasa jipya wote huja, na viti vya mbele havitoshi.