Ombi la Uraia wa Uholanzi kwa Ng'ombe wa Mishamo

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya maziwa,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Shikamoo nyingi kutoka Mishamo. Sisi hatujambo, mifugo nayo haijambo, mvua zilikuwa nzuri. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kwanza tupokee shukrani zenu kwa Wiki ya Maziwa. Samahani, nimekosea: zipokeeni zetu. Kila mwaka ikikaribia Juni Mosi mnatukumbusha kwamba Mtanzania anakunywa lita 67 hivi kwa mwaka, wakati inapasa anywe 200. Mnakumbusha Juni, nyasi zikiwa zimeshaanza kukauka na chuchu zinatoa kwa kubembelezwa. Machi, dumu likijaa hadi kifuniko, hatuoni gari la mtu, maana njia ni tope tupu. Maziwa ya alfajiri hukatika bodaboda ikiwa bado inasukumwa. Ya jioni wanakunywa watoto, kisha majirani, kisha mbwa. Halafu tunaambiwa unywaji uko chini, kana kwamba tumegoma.

Juzi hapa tuliitwa semina ya mnyororo wa thamani. Saa nne ikaja chai, tena ya maziwa. Mhudumu akafungua kopo, akachota unga mweupe uliovuka bahari kutoka Uholanzi, akakoroga mbele ya wafugaji waliovaa mashati ya sikukuu. Mzee mmoja wa Kisukuma akauliza, kwa adabu zote, kama ng'ombe wa kwenye kopo naye amevishwa hereni ya utambuzi. Mwezeshaji akacheka, akaenda slaidi inayofuata.

Kwa hiyo tumekaa, tumeshauriana, na tunaleta ombi: ng'ombe wetu wapewe uraia wa Uholanzi.

Hatuombi wahame. Wabaki hapa hapa, wachungwe na watoto wale wale, ila kwenye makaratasi wawe Waholanzi. Hatua ya awali mmeshatusaidia, kwani kampeni ya chanjo na utambuzi ya 2025 ilikuja na hereni, kwa hiyo namba ya utambulisho ipo. Kilichobaki ni fomu. Jina la mama: Kahawia. Jina la baba: dume la jirani, hakuna uthibitisho. Kazi: kukamuliwa. Je, umewahi kuvuka mpaka bila kibali? Hapo tutawashauri wajibu kwa uangalifu. Kiapo watakila wamesimama, kwani wakilala ni vigumu kuwainua. Alama za vidole tunaomba zisamehewe.

Na msihofu kwamba hatujui utaratibu. Uraia ni somo tulilolisoma Mishamo kuliko mahali pengi. Wazee wetu walivuka kutoka Burundi 1972, wakafyeka pori hili, wakalima tumbaku na mahindi ambayo nchi ilikula na kuuza, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa 2014. Miaka 42, Mheshimiwa. Wapo waliozikwa wakiwa wakimbizi kwenye shamba walilolilima maisha yao yote. Ng'ombe haishi miaka 42, kwa hiyo ombi lake lishughulikiwe kwa dharura.

Faida ziko wazi. Ulaya ilipofuta ukomo wa uzalishaji wa maziwa mwaka 2015, yakawa mengi, bei ikaanguka. Wakubwa wa Brussels hawakuwaambia wakulima wao wanywe zaidi. Walinunua unga, wakautia maghalani, zaidi ya tani 350,000, mpaka soko likatulia. Kahawia akishakuwa Mholanzi, maziwa yake ya Machi yatakuwa na ghala. Yatakaushwa, yatatiwa kwenye kopo lenye picha ya malisho ya kijani, na yatarudi Mishamo kwa heshima, kwa bei ambayo sisi hatujawahi kulipwa.

Wala jambo hili si geni kwenu. Viwanda vya Tanzania Dairies, shirika la serikali la zamani, kimoja kikiwa Tabora, vilikoroga unga wa msaada wa Ulaya miaka na miaka, ng'ombe wa Unyamwezi wakiangalia.

Tunajua mmejitahidi. Mwaka 2018 mlipandisha tozo ya maziwa yanayoingia nchini kutoka shilingi 150 hadi 2,000 kwa kilo, Wakenya wakalia, sisi tukapiga makofi. Tukangoja lori la kukusanya maziwa. Tozo ilimlinda mwenye kiwanda, na kiwanda kiko Tanga, kiko Iringa, kiko Arusha. Huku mlilinda nini? Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na maziwa yanayofika kiwandani hayafiki hata asilimia tano. Mlimfungia Mkenya mlango wa Namanga, na mfugaji wa Mishamo mkamwachia dumu la plastiki alilolinunua likiwa limeshabeba mafuta ya kula, mnakuja kumfundisha usafi wa vyombo!

Samahani. Nilipandisha sauti.

Mengineyo ni madogo: tanki la kupozea, umeme wa kuliendesha, barabara inayopitika Machi. Yakichelewa tutaelewa, tumezoea. Uraia ndio wa haraka.

Wako mtiifu,
Mfugaji, Mishamo, Wilaya ya Tanganyika, Katavi.

Viambatanisho: picha za pasipoti za Kahawia (masikio yote yanaonekana), barua ya mtendaji wa kijiji, chupa moja ya maziwa, ambayo kwa umbali uliopo itakufikia ikiwa mtindi.