Duncan Afufuka Matulo

Mwanafunzi wa Matulo akipewa insha ya Kiingereza kuhusu tamthilia ya Macbeth, wasaidizi hawakosi. Mjomba wa Kitale anapachika maneno mazito ya mahakamani. Karani mstaafu anahamisha mikato, kisha anairudisha. Kijana wa saiba kule Webuye anaipitisha insha kwenye programu. Inatoka imenyooka kama suruali ya sikukuu. Mfalme Duncan tu, aliyechomwa visu usingizini akiwa mgeni, sasa yuko hai ukurasa wa tatu, anakula karamu. Hakuna aliyeshtuka: tamthilia hawajaisoma, hata kwa tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi iliyotoka 1968. Mwalimu katoa 17 kwa 20, na sifa za mikato. Mjomba anadai 9 ni zake.