Diski Iliyotumwa Dukani

Bosi wetu wa zamani alitoka semina na fundisho moja, nalo likatutesa sote: kompyuta inayosoma jedwali zima ni mvivu. "Faharasa mmeiweka ya nini?" akauliza, yaani ile orodha inayoonyesha kila rekodi iko wapi. Tukamweleza kwamba PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, hupiga hesabu kabla ya kusoma, na kwa ripoti ya tawi moja iliona heri ipitie malipo yote ya mikopo, gigabaiti 6, tangu mwanzo hadi mwisho. Ilimaliza kwa sekunde 40 hivi. "Mzee, hata chai haijapoa."

"Kijana, usibishane na utaalamu."

Usomaji wa jedwali zima ukafungwa kwa amri. PostgreSQL ikajaribu ujanja: ikakusanya anwani zote kutoka kwenye faharasa, ikazipanga kwa mfuatano wa diski, ikapita mara moja. Bosi, aliyesimama nyuma yangu, akaona mpango haufanani na ule wa semina. Nao ukafungwa. Ikabaki kufuata faharasa, anwani moja baada ya nyingine.

Basi mwisho wa mwezi diski ikaanza kukwaruza. Ilikuwa ya kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika. Ukitaka kipande cha huku na kipande cha kule, kichwa chake sharti kihame, kisha kisubiri sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake: milisekunde 12 hivi kila safari. Aliyewahi kutumwa dukani na mama yake anaijua adha hii. Kwanza chumvi, ukirudi, kiberiti, ukirudi tena, kumbe vitunguu navyo vimekwisha. Duka haliko mbali, kinachochosha ni njia. Malipo ya tawi lile yalikuwa kama laki moja, yametapakaa kwa kuwa jedwali lilijazwa kwa tarehe. Laki moja mara milisekunde 12 ni dakika 20. Faharasa yenyewe haikuwa na kosa. Mtafute mkopaji mmoja uone, ni kufumba na kufumbua.

Hatimaye ikaletwa diski isiyozunguka. PostgreSQL nayo ilihitaji kuambiwa, maana usipoigusa huhesabu kusoma kwa kurukaruka kuwa ghali mara 4 kuliko kusoma kwa mfuatano. Kwa diski za aina hii watu hushusha kadirio hilo hadi 1.1. Kabla hatujaifunga, bosi aliipima mkononi, akaiona nyepesi mno.

"Pesa yote ile," akasema, "na ndani hakuna hata kinachozunguka?"