Shuka Lililovuna Senene

Mtaani kwetu Kashai, Bukoba, majirani wakiniona natoa beseni nje, wenye kahawa kwenye mikeka wanaanza kuikusanya. Hawaniulizi kitu. Wameshajifunza kwamba nikiloweka mimi, mbingu nazo zinaloweka.

Kazi ya kufua niliirithi bila kikao cha ukoo. Mke wangu ni muuguzi na zamu zake hazitabiriki. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, akakuta lundo la nguo limefika usawa wa dirisha. Akalitazama lundo, akanitazama mimi, akasema, "Baba watoto, mimi nalala." Hakuongeza neno. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilielewa kwamba swali limehamia upande wangu wa mlinganyo.

Sasa, Mhaya aliyesoma hafui hivi hivi tu. Watani zetu wanatuita nshomile, na siku ile sikutaka kuwaangusha. Nilichukua daftari nikapiga hesabu: watu watano, sare za watoto watatu, sare nyeupe za muuguzi, mashuka, taulo, na soksi ambazo idadi yake haijawahi kugawanyika kwa mbili. Kuloweka, kufikicha, kusuuza mara mbili, kukamua, kuanika. Jumla yake ilikuwa Jumamosi nzima, na kiuno cha Jumapili juu yake. Nikaandika chini, nikapigia mstari: LENGO, SAA MBILI.

Mbinu ya kwanza ilikuwa kuamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshainamia beseni, na saa moja kasoro nguo zote zilikuwa kambani, mimi nimekaa barazani na chai ya maziwa, najipongeza. Saa moja na nusu mvua ikashuka. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Jumamosi ya tatu nilianza kuwatazama majirani kwa jicho ambalo mtu aliyesoma hatakiwi kuwatazama nalo watu.

Nikampigia simu mama yangu, ambaye yuko Muleba, huko juu Kamachumu.

"Umeanika saa ngapi, mwanangu?"

"Saa moja kasoro."

Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Mvua ya ziwa ni mvua ya asubuhi. Ulikwenda chuo kusoma nini wewe?"

Alikuwa sahihi, na aibu yenyewe ni kwamba mwalimu wa jiografia tunayekaa naye meza moja angeweza kunieleza bure. Usiku maji ya Ziwa Victoria yanabaki na joto kuliko nchi kavu. Hewa ya pande zote inaelekea ziwani, inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya maji wakati sisi tumelala. Upepo wa mashariki unayasukuma hadi ufukwe wa magharibi, na ufukwe wa magharibi ndio sisi. Ndiyo maana Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Shemeji yangu anayekaa Dodoma anaanika jinzi saa tatu, saa sita ameivaa. Ya kwangu niliwahi kuianika Jumamosi, Jumanne ikawa bado inanuka kama mbwa aliyetoka kuvuka mto Kanoni.

Nikarudi kwenye daftari. Muda niliokuwa nautumia kufikicha ulikuwa mdogo. Muda wote uliobaki nilikuwa mkimbiaji: kuanika, kuanua, kuanika tena, kuanua tena, na katikati kutazama juu kama kuku aliyeona mwewe. Kwa maneno mengine, shida yangu haikuwa kufua, ilikuwa kukausha.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akapaua kipande cha baraza. Mimi nilinunua mashine ya kufulia.

Ilikuwa mashine ya mtumba, ya mlango wa mbele wenye kioo, ikaja na meli kutoka Mwanza. Wabeba mizigo wanne waliishusha, na mtaa mzima ukatoka kusindikiza. Nilisoma kitabu cha maelekezo kurasa zote, hata zile za Kijerumani. Kitabu kilisema mashine inataka maji ya presha. Maji ya bomba kwangu hayana presha, yana adabu: yanakuja polepole na yanaondoka bila kuaga. Basi nikawa naimiminia kwa jagi kupitia kidroo cha sabuni, nimepiga magoti mbele yake, na mke wangu akipita nyuma anauliza kama ibada inaendelea vizuri.

Yuko daktari mmoja wa Sweden, Hans Rosling, aliyewahi kufanya kazi Msumbiji. Mwaka 2010 alitoa mhadhara kuhusu siku mama yake alipopakia nguo kwenye mashine ya kufulia kwa mara ya kwanza. Bibi yake aliomba kiti, akakaa mbele ya mashine, akatazama mzunguko wote mwanzo hadi mwisho. Rosling alikadiria kwamba katika watu bilioni 7 wa dunia ya wakati ule, bilioni 5 walikuwa bado wanafuliwa nguo kwa mikono, na mikono yenyewe karibu yote ni ya wanawake. Nyumbani kwao Rosling, mashine ilimpa mama nafasi ya kwenda maktaba na kumsomea mwanawe vitabu. Mhadhara ule ulinigusa sana. Ni kweli kabisa, na ndio ulioniponza.

Maana nami siku moja nilivuta kiti mbele ya mashine. Ilikuwa Jumapili saa tatu usiku, sare zote za Jumatatu zimo ndani, maji yamejaa, povu linacheza kwenye kioo. Watoto nao wakaleta viti. Ghafla giza. Umeme wa LUKU umeisha.

Mlango wa mashine ile ukishafungwa na maji yamo ndani, haufunguki mpaka umeme urudi na mashine yenyewe iridhike. Tukamulika kwa tochi ya simu. Sare zilikuwa zinaelea kimya kama sangara kwenye tangi. Simu yangu haikuwa na salio, kibanda cha wakala kimefungwa. Nikachukua bodaboda, nikampata wakala mmoja upande wa stendi anakaribia kufunga, nikarudi na tarakimu zangu 20 kwenye karatasi. Kuziingiza gizani nilikosea mara mbili, mimi mwalimu wa hesabu, huku kitinda mimba akinisomea moja moja kama karani wa mnada. Ile mashine ilikuwa imesimama. Aliyezunguka usiku ule ni mimi.

Jumatatu watoto walikwenda shule na sare zilizokaushwa kwa pasi, wanatoa mvuke kama ndizi zilizofunuliwa.

Nikaona afadhali tupumzike Muleba. Jumapili baada ya misa, watoto bado wana mashati meupe ya shule, bibi yao akaomba wamsaidie kutoa mikungu miwili kibanjani. Nilikuwa naongea na simu. Nilipogeuka, kifungua mimba alikuwa ameukumbatia mkungu kama ndugu aliyerudi kutoka safari.

Kwa asiyetoka kwenye migomba, nieleze. Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi ni kama maji. Unasema hakuna kitu. Hewa ikiupata unageuka kahawia, kisha unaelekea weusi, na sabuni ya mche ukiipaka ni kama umeuongezea mshahara. Limau nilijaribu. Chumvi nilijaribu. Mwisho nikamwaga jiki, kipimo cha mtu aliyekata tamaa. Doa likabaki. Nembo ya shule ikaondoka.

Mama alinitazama na ndoo yangu kwa huruma, akanionyesha gauni lake la shambani lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa zamani na maua. Sasa ni utomvu mtupu, rangi moja kutoka shingo hadi pindo. "Hili silifui nikitafuta weupe," alisema. "Nalisuuza tu jasho. Mikono naipaka mafuta kabla ya kumenya. Wewe unatafuta namna ya kufua haraka, mimi natafuta namna ya kutofua."

Hilo sikuwa nimeliandika popote kwenye daftari. Tuliporudi Bukoba, misumari mitatu ilipigiliwa nyuma ya mlango wetu wa uani, na anayetaka kumenya ndizi, kucheza mpira kwenye udongo mwekundu au kushika baiskeli lazima apitie hapo kwanza avae vazi lake la hasara. Lundo likapungua karibu theluthi. Nikaacha pia kutia sabuni ya unga kwa viganja. Maji ya mvua tunayokinga kwenye bati ni laini, yanatoa povu upesi, na povu lote lile ulilotengeneza kwa majivuno utalisuuza mwenyewe. Mashine ya kioo nikabadilishana na jamaa mmoja, akanipa ya matangi mawili. Hii unaijaza kwa ndoo, umeme ukikatika unafungua mfuniko unatoa nguo zako, na tangi lake la pili linakamua kwa nguvu mpaka shuka linatoka na unyevu wa kitambaa kilichofutia meza. Nikapaua baraza, nikafunga kamba chini yake. Kwa mara ya kwanza nikaifikia saa mbili. Nilifikia saa moja na dakika hamsini, kusema kweli, na niliitangaza ofisini kwa walimu.

Halafu ikaja Novemba.

Ilikuwa Ijumaa. Nikaanika mashuka barazani usiku ili yapate upepo, na kwa akili yangu ya kisomi nikaacha taa kubwa ya nje ikiwaka, nikiamini joto lake litasaidia kukausha. Saa saba usiku nikasikia kama mvua ya mchanga ukutani. Nikafungua mlango. Shuka jeupe halikuwa jeupe. Lilikuwa kijani, na lilikuwa linatembea.

Wanaotega senene hapa mjini wanajua kanuni: taa kali na mabati yanayong'aa, wadudu wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza kwenye pipa. Nilikuwa nimetega bila kujua, na shuka la pamba lina faida moja kuliko bati, kwamba senene akishika hateremki. Kabla sijapata shati, majirani walewale wa kahawa walikuwa ndani ya ua na ndoo, wanachuma kambani kama mbuni zimeiva. Hata vijana wa mtego wa kona ya barabara walikuja kulalamika kwamba taa yangu inawaharibia biashara.

Asubuhi shuka lilikuwa na madoa ya kahawia ya mate ya senene, kila doa linafanana na utomvu kama pacha. Na nje, kwa sababu ilikuwa asubuhi, mvua.

Nikampigia mama.

"Zamani," alisema akishamaliza kucheka, "sisi wanawake ndio tulioamka alfajiri kuokota senene. Baba zenu ndio waliokula, sisi tumekatazwa. Leo mwanamume anafua, na senene wanamfuata kwenye kamba." Akanyamaza kidogo. "Umepata kiasi gani?"

"Nusu ndoo, baada ya majirani."

"Waitu! Wakaange, uwatume kwa Hiace ya saa nane. Na hilo shuka umeshalifua?"

"Nalitia majini sasa hivi, mama."

"Liache, mwanangu. Lianike tena usiku wa leo."